Kilichokuwa Chini ya Sauti

Kitu cha kwanza kupungua katika nyumba ile kilikuwa chafya ya mama mkwe.

Mtaani walimwita Kengele, naye hakuchukia, kwa sababu masikio anayo na alijisikia mwenyewe. Akipiga chafya jikoni, vikombe viligongana kabatini. Akimwita mtu mmoja, waligeuka watatu, na mmoja wao hakuwa hata wa mtaa huo. Asubuhi hiyo alikuwa anachekecha unga, vumbi likampanda puani, akashika ukingo wa meza kama ilivyo desturi yake, akafumba macho, akajiachia. Ikatoka chafya ndogo, ya paka.

Akabaki ameinama, anangoja iliyosalia. Haikuja.

“Mama, unaumwa?” binti yake akamwuliza kutoka mlangoni, mtoto begani.

“Siumwi. Imekwama.”

“Chafya haikwami, Mama.”

“Basi nenda kaiulize ilikoishia.”

Wakacheka. Kicheko nacho kilitoka kidogo, lakini nani anapima kicheko? Walipokoma, mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayesafisha koo kabla hajaanza kusema. Binti akadhani ni mumewe chumba cha nyuma. Mumewe alikuwa ametoka tangu asubuhi.

Huyo mume alikuwa fundi wa sauti. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Sauti yake ilikuwa ya kuombea chumvi, na hata chumvi ilibidi aombe mara mbili. Chumba cha nyuma alikuwa amekivika magodoro makuukuu na trei za mayai ukuta mzima, dirisha akaliziba kwa mbao, mchana na usiku humo vikawa mamoja. Humo alirekodi matangazo ya maduka, hotuba za wakubwa, na vikundi vya kwaya vilivyokuja na watu wengi kuliko hewa. Ugomvi wake na mama mkwe ulikuwa mmoja tu, nao wa kila siku.

“Mama, punguza kidogo. Narekodi.”

“Mkwe wangu, mimi nimezaliwa kabla ya umeme kufika huku. Hawakuniwekea pa kupunguzia.”

Sasa, ili ueleweke ubaya uliotokea, ni lazima kieleweke kidude kimoja kilichomo ndani ya kompyuta yake, kinachoitwa limita. Usitishwe na jina. Limita ni mfuniko wa sufuria. Unaiambia, sauti isipite hapa, na hapo panaitwa dari. Sauti ikipanda inagonga dari inaminywa, kama maziwa yanayotaka kufurika yakakuta mfuniko. Hadi hapo ni jambo jema, spika za watu hazipasuki. Lakini ukishafunika unaweza kuongeza moto. Unaisukuma sauti yote juu, unaisukuma tena. Ile kubwa haina pa kwenda, imeshafika darini. Ile ndogo iliyokuwa chini kabisa, pumzi, mkwaruzo wa shati, kiti kinacholia, ndiyo inayopanda, inapanda, mpaka inakaa bega kwa bega na mkubwa wake. Kwenye kioo cha kompyuta, sauti ya mtu ni milima na mabonde. Ikitoka kwenye limita iliyosukumwa hivyo, ni tofali. Wenye kazi yao wanasema imeshiba.

Siku chache kabla ya ile chafya, alikuja kijana mmoja na kaseti. Baba yake alikuwa mganga, marehemu, na kijana alirithi meza ya dawa sokoni bila kurithi uganga. Jirani yake wa kuuza dawa ya panya alikuwa na spika.

“Spika yake itaniua mimi kabla ya panya,” kijana alisema. “Nataka baba asikike mpaka stendi. Watu wakisikia sauti ya mzee wanasimama, wakisimama wananunua. Mama kanikataza kuigusa hii kaseti, lakini mama naye anakataza kila kitu.”

Fundi akaitia kwenye mashine. Sauti ya mganga ikatoka, nzito, ya kifua kizima, inapanda na kushuka kama mtu anayekwea na mzigo. Ilisema hivi, tena na tena: *Sauti yangu juu, sauti yako chini. Maadamu yangu iko juu, yako haitoki. Siku sauti hizi zikilingana, kamba imekatika.*

Fundi aliyasikia maneno hayo labda mara ishirini na hakuyasikiliza hata mara moja. Ndivyo walivyo mafundi wa sauti. Mkate mikononi mwa mwenye mizani ni uzito tu. Alichosikia yeye ni kwamba kaseti ina mvumo kwa chini, kitu kama mtu anayenong’ona nyumba ya pili. Alijaribu kuufuta, na kila alipoufuta sauti ya mzee ikakonda. Kijana alikuwa anatikisa mguu, anataka kwenda. Basi fundi akauacha, akaweka limita, akashusha dari, akasukuma. Milima ikawa tofali. Na mvumo haukuwa mvumo tena. Walikuwa watu wawili wanaosema maneno yaleyale kwa pamoja, sauti sawasawa, huwezi kusema huyu yuko juu ya yule.

“Mzee alikuwa na mwitikiaji?” fundi akauliza.

“Mzee hakuwa hata na rafiki.”

“Basi ni mwangwi. Imetoka vizuri, inajaza.”

Hapo kaseti, kwa uzee wake, ikajisokota ndani ya mashine na kukatika. Fundi akaivuta kama utumbo wa kuku, akaitupa ndooni. Wala hakuwa amebakiza ile sauti ya mwanzo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuhifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani, nafasi isijae. Kijana akasema haidhuru, ninayo hii mpya kwenye diski, akaenda zake. Jioni ile chumba cha nyuma kilinuka utambi uliozimwa, na nyumba ile haikuwa na taa ya utambi hata moja.

Baada ya chafya yakafuata mengine. Kengele alimwita mwuza mkaa akiwa hatua chache tu, mwuza mkaa akapita na baiskeli yake bila kugeuka. Binti alimwimbia mtoto wimbo na kuona anajisikia kama aliyejifunika mto. Walianza kusogeleana wanapoongea. Kwanza hawakutambua kwamba wanasogeleana, kisha wakatambua na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Na kila mmoja wao alipomaliza sentensi, kabla mwingine hajajibu, kile kikohozi kidogo kikapita katikati yao, cha heshima kabisa, kama cha mgeni anayeomba nafasi ya kuzungumza.

“Umesikia?” binti akauliza.

“Nimesikia tangu juzi,” mama akasema. “Nilidhani ni mumeo amepata mafua.”

“Na mimi nilidhani ni nyinyi,” fundi akasema, na hao wawili wakamwomba arudie, kwa maana sauti yake, iliyokuwa ndogo toka mwanzo, sasa ilibaki midomo tu.

Hayo yote wangeyavumilia. Watu wazima huvumilia mengi ya kipumbavu. Kilichowavunja ni mtoto.

Alikuwa wa miezi michache, mtoto wa kike, na katika kulia alimfuata bibi yake. Majirani waliwahi kusema mtoto yule akilia saa ya kupika, wao hudhani ni sufuria zao zinalia, wakawahi kuziepua. Siku hiyo, adhuhuri, mama yake alimlaza, akatoka uani kufua. Akafua, akasuuza, akaanika, akajisifu moyoni kwamba leo mtoto kalala usingizi mzuri. Alipoingia ndani alimkuta ameingiza mguu kwenye nafasi kati ya kitanda na ukuta, umevimba, umekuwa mweusi kama zambarau, uso umelowa machozi mpaka masikioni, kinywa wazi, ulimi unatetemeka, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu zote za kiumbe yule mdogo. Na chumba kilikuwa kimya kama chumba kisicho na mtu.

Walimpeleka hospitali. Daktari akammulika koo, akamgonga mgongo, akamnyoosha mguu.

“Mguu utapona. Koo zima, mapafu mazima. Ni mtoto mtulivu tu, mama. Wenzako wanaomba wapate kama huyu.”

Kengele alimwambia daktari neno ambalo ni bahati yake hakulisikia.

Waliporudi, fundi hakukaa. Alichukua maikrofoni yake nzuri kuliko zote, akaiweka kando ya kitanda cha mtoto, akavuta waya hadi chumba cha nyuma, akavaa hedifoni masikioni, akafunga mlango. Aliongeza sauti taratibu, kama mtu anayeshuka kisimani kwa kamba na kuhesabu mafundo, akasikia kwanza kuta, kisha saa ya sebuleni, kisha pumzi za mtoto, akaongeza tena, na huko chini kabisa, mbali kama kelele za watu walio ng’ambo ya kilima, akasikia kilio cha mwanawe, kizima, kikubwa, hakijapungua hata chembe, kinalia na kulia kwa sauti ileile ya bibi yake, kimekandamizwa tu, kimekaliwa, kama mtu aliyelaliwa na gunia, na juu ya kilio hicho, karibu sana, karibu kiasi kwamba fundi alihisi joto ndani ya sikio na harufu ya utambi ikamjaa kooni, mtu akasafisha koo, akasema bila haraka, kwa mwendo uleule wa marehemu mganga, mzigo mabegani, kupanda na kushuka: *Sauti yangu juu, sauti yako chini. Maadamu yangu iko juu, yako haitoki.*

Safari hii fundi alisikiliza maneno.

Akaivua hedifoni. Akaenda kwenye kompyuta, akafungua ile kazi, akaiondoa limita. Hakuna kilichobadilika. Tofali lilibaki tofali. Kilichominywa kikahifadhiwa hivyo hakirudi kuwa kilima, na yeye ndiye aliyehifadhi.

Kesho yake walikwenda sokoni wote, mtoto mgongoni. Walijua wamefika kwa macho, si kwa masikio. Soko lilikuwa limejaa, nyanya zimepangwa mafungu, watu wanabishana bei, na wote walibishana mdomo kwa sikio, kama waliokuja kuambizana siri. Mpiga debe wa stendi alikuwa amevimba mishipa ya shingo na hakuna aliyemtazama. Kwenye meza ya dawa, yule kijana alikuwa amekaa, macho mekundu, anachezesha midomo. Pembeni yake mama yake, mjane wa mganga, mwanamke mzee, mwembamba, alikuwa anafunga dawa katika vikaratasi kwa vidole vya haraka.

“Nyinyi ndio wa mashine,” akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na katika soko lile ilisikika kama matusi. “Nilikuwa nawangoja. Mimi nilipomwona huyu punguani wangu anatoka na spika nilikwenda kwa dada yangu, sikuisikiliza, ndiyo maana sauti yangu ninayo bado. Ilicheza kidogo tu, mwuza dawa ya panya akaja na kisu akaikata waya. Mungu ambariki, na panya wake.”

“Tunaomba msaada, bibi,” fundi akasema, na mke wake akayarudia maneno yake kwenye sikio la mjane.

“Msaada wa nini? Mnataka mganga? Mganga ni mume wangu, na yeye hakufukuza kitu. Mnadhani vitu hivi hufukuzwa? Viende wapi? Huwekwa chini. Hiki kilikuwa kinakaa juu ya koo za watu, yeye akakiweka chini ya lake, kwenye kaseti, nikaifungia sandukuni. Masharti yake ni yale mliyoyasikia. Wewe na mashine yako umemshusha bwana ukampandisha mtumwa, ukawakalisha kiti kimoja.”

“Tuirudie basi,” fundi akasema. “Tuiseme upya. Mimi nitaisema.”

Mjane alimtazama baada ya kuelezwa alichosema, akatabasamu kidogo, bila ubaya.

“Kwa sauti ipi, baba?”

Fundi akampisha mkewe asogee mbele.

“Kuna jambo hamlijui,” mjane akaendelea, sasa polepole. “Sauti ya siku moja haikipiti. Ungepiga kelele mpaka utapike damu, haikipiti. Sauti ya maisha yote ndiyo inayokipita. Yote iliyobaki, hadi kufa, kwa pumzi moja. Mume wangu baada ya kaseti ile hakusema tena. Miaka yote ile. Watu walisema amepooza ulimi. Hakupooza. Hakubakiwa na kitu.”

Kile kikohozi kikapita katikati yao, palepale sokoni, mchana kweupe.

“Nitaisema mimi,” binti akasema.

“Wewe una nini?” mama yake akamkatiza, mdomo sikioni mwake. “Wewe unaimba kama mbu kwenye chupa. Mtoto huyu atajifunzia wapi kusema kama mama yake ni bubu? Kaa chini.”

“Mama.”

“Nimesema kaa chini. Sauti yenyewe nimeitumia, nimegombeza nayo wauza mkaa, wenye nyumba, baba yako, na mama zake baba yako. Inanidai nini tena? Huyu hapa yake hajaitumia hata kutukana.”

Hapakuwa na machozi. Walinunua nyanya, kwa kuwa walikuwa sokoni na nyanya zilikuwa nzuri, wakarudi nyumbani na mjane.

Njiani Kengele alimshika mkwewe mkono. “Umeniomba miaka yote nipunguze,” akamwambia. “Leo ukipunguza hata kidogo, nitakutoa meno.”

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto. Mjane alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, hana ubani, hana shanga, mikono mapajani. Alimfundisha Kengele maneno, mafupi, ya kusemwa bila kukata pumzi, kwa sababu kitu kile kilijua kuingia kwenye nafasi mtu anapovuta hewa. Fundi alisogeza maikrofoni mpaka ikakaribia kugusa midomo ya mama mkwe. Akafungua kazi mpya. Akaiondoa limita. Akatafuta kila kidude kingine kinachobana, kinacholainisha, kinacholinganisha, akavitoa vyote, sauti ikabaki uchi. Kwenye kioo kulikuwa na kijitaa kinachowaka nyekundu sauti ikipita kiasi, na tangu aanze kazi alikuwa anakikimbia chekundu hicho kama deni. Akaweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia, isije ikamsaliti.

Kengele akafungua kinywa. Kilichotoka ni mnong’ono. Na papo hapo, kabla neno la pili, mwingine akaanza naye, kwa sauti yake mwenyewe Kengele, ile ya zamani, ya vikombe kabatini, akizunguka chumbani kutoka godoro hadi godoro, juu ya dari, nyuma ya shingo ya fundi, chini ya ndoo ya mjane, akimfuata neno kwa neno na kumpita, na harufu ya utambi ikawa nzito kiasi cha kuuma macho, na taa ikafifia, na mjane akaanza kutikisa kichwa, haifiki, haifiki, na fundi akiwa amekalia mikono yake aliona kwenye kioo mstari mwembamba kama uzi ambao ndio ulikuwa mama mkwe wake, na juu yake mlima wa asiyekuwapo, ndipo mlango ukasukumwa na binti akasimama pale na mtoto mikononi, mtoto amelegea, kinywa wazi, uso wa zambarau, analia kwa nguvu ya mwisho aliyokuwa nayo na hakuna mtu duniani anayemsikia, na bibi yake akamwona.

Hakuvuta pumzi nyingine. Alitoa iliyokuwamo.

Majirani walisema baadaye kwamba walidhani tangi la gesi limepasuka. Spika ya kushoto ilichanika. Kijitaa kiliwaka chekundu na hakikuzimika. Kioo cha kompyuta kilijaa juu hadi chini, na fundi, ambaye hakuwa amewahi kuomba hivyo tangu aoe, aliomba mikono yake isitoke alipoikalia. *Sauti yangu juu. Sauti yako chini.* Ndani ya sauti ile walikuwamo wauza mkaa wote, wenye nyumba wote, na majina ya watoto aliyoyaita jioni za miaka mingi wakiwa bado wanacheza nje. *Maadamu yangu iko juu, yako haitoki.* Chini yake, mbali, kitu kikalia kama mlango unaofungwa polepole. Kisha ni mtoto tu aliyesikika, akipasua nyumba kwa kilio, na mama yake akicheka na kulia na kusema, jamani, jamani, atatuua masikio.

Kengele alikaa amefumba kinywa. Alimnyooshea mkwewe kidole, akaonyesha spika iliyochanika, akainua nyusi. Maana yake ilieleweka: na hiyo nayo ungesema nipunguze?

Mjane aliichukua ile diski ya kijana wake akaichoma jikoni, na fundi akaifuta iliyokuwa kwenye kompyuta. Soko likarudia kelele zake. Ile sauti mpya fundi hakuibadilisha hata nukta. Aliiweka kwenye diski yake ya peke yake, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, akamwambia mkewe, “Hii isiguswe. Isikatwe, isiongezwe, isipunguzwe, isihifadhiwe juu yake kitu.” Mke akasema sawa. Kusikilizwa kulikuwa halali, mjane mwenyewe alisema hivyo. Na Kengele alipenda. Ijapokuwa alikuwa bubu alikuwa bado na amri zake. Jioni nyingine aligonga meza mara mbili, akaonyesha kabati, na fundi akapanda kwenye kiti kuteremsha kopo. Bibi alisikiliza amemweka mjukuu mapajani, akitingisha kichwa, kama mtu anayeangalia picha yake ya ujana na kuona kwamba kweli alikuwa mzuri.

Binti alikuwa na mdogo wake aliyeolewa mbali. Huyo ndiye aliyechukua kifua cha mama yao. Akipiga simu, unaiweka mezani na kuendelea kupika. Tangu aliposikia kwamba mama hasemi tena, alikuwa analia kila siku ya Mungu. Dada, nisikilizishe basi. Dada, mama ni wako peke yako? Sikuwahi kuiaga sauti yake.

Dada mtu alikumbuka aliloambiwa. Kopo hakuligusa. Diski hakuigusa. Alingoja jioni moja mama yao alipogonga meza, fundi akateremsha, sauti ikaanza. Naye akainua simu yake karibu na spika, kidole kwenye kitufe, akairekodi hewani, akamtumia mdogo wake. Hakukata, hakuongeza, hakupunguza. Hakujua, na fundi hakuwahi kumwambia, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kujulikana kama maji ni maji, kwamba katika kila simu mna limita ndogo isiyozimwa, inayobana kubwa na kupandisha ndogo, ili watu wasikilizane vizuri.

Jibu lilikuja bado wako mezani, mtoto amekwisha kulazwa chumbani, mlango wazi. Ujumbe wa sauti. Binti akaubonyeza, akaiweka simu katikati ya sahani, akajitayarisha kuziba sikio kama siku zote.

Hawakusikia kitu. Akaongeza sauti. Akaongeza mpaka mwisho. Fundi akainama, mkewe akainama, wakaweka masikio juu ya simu.

“Dada,” mdogo wake alikuwa anasema, mbali, kama aliyejifunika mto. “Nimemsikia mama, nimefurahi. Lakini huyo mwingine anayesema naye ni nani? Wanasema pamoja, sawasawa kabisa. Na mbona hapa kwangu pananuka utambi?”

Ujumbe ukaisha. Mtu akasafisha koo.

Fundi alikuwa wa kwanza kuinua uso, akamtazama mama mkwe wake. Mwanamke yule alikuwa amesimama, mkono kwenye ukingo wa meza, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama, na hakukuwa na kitu ndani cha kutoa. Kwa mkono mwingine alikuwa anawaonyesha kitandani.

Mtoto alikuwa amekunja ngumi, uso wa zambarau, machozi yamefika masikioni. Hakuna aliyejua ameanza kulia saa ngapi.